Premio inayotetemeka kwenye kilomita mia: shajara ya ufuatiliaji

Gari ni Toyota Premio ya 2005, injini ya 1NZ, otomatiki, inayovutwa na magurudumu ya mbele. Matairi ni 195/65R15 juu ya rimu za sport, za alumini, alizofunga mwenye gari aliyetangulia. Tatizo: ukifika kama kilomita 95 hadi 108 kwa saa, usukani unaanza kucheza mkononi, halafu unatulia wenyewe bila wewe kupunguza mwendo, halafu unarudi. Mjini hakuna kitu. Hapa Dar es Salaam matairi yamebalansiwa (yamesawazishwa uzito kwa mashine) Sinza, yakabalansiwa tena Tabata, kisha gari likafanyiwa alainimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), ambayo kusema kweli huponya gari linalovuta upande au kula matairi, si gari linalotetemeka. Naanza kuandika kwa sababu kila fundi ninayemwendea anaanza upya, na anayelipia mwanzo huo ni mimi.

Jumamosi, gereji ya Tabata

Fundi kalipeleka gari hadi Segerea na kurudi, mwendo wa foleni, akashuka na jibu.

"Dada, hiyo sivijointi. Lete laki mbili na nusu nikufungie zote mbili, utasahau."

"Na ukifunga ikabaki vilevile?"

"Basi tutaangalia beringi."

"Na beringi zikiwa nzima?"

"Dada, gari ni chombo."

Sivijointi ni kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele. Nimemshukuru, nimelipia muda wake, nimeondoka. Simlaumu. Tatizo linaloonekana kwenye mia tu hawezi kuliona kwenye barabara ya Tabata, na mteja anayemlipa fundi akae anasikiliza gari hadi Chalinze hajazaliwa bado. Ila sitanunua vipuri kwa kubahatisha. Kazini kwangu ni pampu na feni kubwa za kiwanda, na pampu ikitetemeka hatuanzi kwa kununua. Tunauliza kwanza inatetemeka mara ngapi kwa sekunde.

Jumapili, nyumbani Kimara

Dalili kama zilivyo, bila tafsiri:

Mtetemo uko kwenye usukani zaidi ya kiti. Kwa kawaida hiyo inaelekeza magurudumu ya mbele. Ya nyuma yakisumbua unayasikia kwenye kiti na sakafu. Ukikanyaga breki hauongezeki, kwa hiyo diski zilizopinda naziweka pembeni. Hakuna mlio wa kuvuma unaobadilika ukikata kona, kwa hiyo beringi nazo si za kwanza kwenye foleni. Chini ya 85 gari limetulia. Juu ya 115, kwa mara chache nilizothubutu, linatulia tena.

Hilo la mwisho watu hulishangaa, lakini lina sababu. Gurudumu na shokapu yake lina mtikisiko wake wa asili, kwenye magari madogo ni kama mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Kasoro ndogo ya gurudumu inakuwepo muda wote, hata kwenye 60. Mzunguko ukifikia kiwango hicho ndipo kasoro inapokuzwa mpaka ikafika mkononi, na ukishakipita inapungua.

Nimeosha magurudumu kwa ndani pia, kwa brashi na mpira wa maji. Njia ya kuingia kwangu ni ya udongo, na baada ya mvua bonge la tope linaganda ndani ya rimu upande usiouona. Bonge kama hilo linatosha kuvuruga balansi, na likikauka likadondoka tatizo linapotea, kila mtu anadhani fundi ndiye aliyeliponya. Nimekuta tope kidogo gurudumu la nyuma. Si la kutisha.

Nimepapasa matairi yote kwa kiganja, nje na ndani, kutafuta uvimbe. Hii si hiari. Tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimeachana linaweza kutetemesha gari vizuri sana siku moja kabla ya kupasuka, na sikuwa tayari kwenda kulijaribu kwa kasi bila kujua. Hakuna uvimbe. Tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani kwenye shavu la tairi la mbele kushoto zinasoma 3418, yaani wiki ya 34 ya mwaka 2018. La mbele kulia ni jipya zaidi na la kampuni nyingine. Meno ya la kushoto yamelika zaidi.

Upepo: matairi yote yalikuwa na PSI 40, kipimo pendwa cha vijiwe vya pancha, "ili tairi lisichoke". Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema 32. Nimeshusha asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Jumatatu usiku, hesabu

Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 na ushee: rimu ya inchi 15 ni milimita 381, ongeza mashavu mawili ya milimita 127 kasorobo. Mzingo wake ni karibu mita 2. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakwenda mita 27.8 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Premio yangu kwenye 100 inasoma mzunguko wa injini wa kama 2,500 kwa dakika, sawa na 42 kwa sekunde.

Kwa hiyo nikipima nikapata 14, ni kitu kinachozunguka na gurudumu na kina kasoro moja: uzito umeelemea upande mmoja, au umbo limeinuka sehemu moja. Nikipata 28, gurudumu lina umbo la yai, linapiga mara mbili kila mzunguko. Nikipata 42 ndipo mambo yanapochanganya, maana 42 ni injini, na 42 hiyohiyo ni 14 mara tatu. Sivijointi ya ndani kwenye magari mengi ya aina hii ina vibeba mzigo vitatu, na ikichakaa inasukuma mara tatu kila mzunguko. Yaani kwa gari hili, kwenye mwendo huu, injini na sivijointi zinaimba sauti moja. Namba peke yake haitazitenganisha. Kuachia mafuta na kuweka gia frii, injini isisukume magurudumu, kutazitenganisha.

Kipimo ni simu. Simu nyingi za sasa zina kihisi cha mwendo ndani, na programu za bure zinachora mtetemo na kuutaja kwa mara kwa sekunde. Si kifaa cha maabara, lakini kwa kutofautisha 14 na 42 hakihitajiki cha maabara.

Jumamosi alfajiri, barabara ya Morogoro

Shida ya kupima tatizo la kwenye mia kwa mkazi wa Dar ni kupata hiyo mia. Ukitoka Kimara barabara ni pana, njia nyingi, lakini ina daladala, bodaboda wanaokatiza, na watu wanaovuka. Ukipita Kibaha unaanza mchezo wa vibao: kijiji, 50, mwisho wa kijiji, kijiji. Na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Sitaki kupigwa tochi kwa ajili ya utafiti. Tuliondoka kabla jua halijachomoza ili kuyatangulia mabasi ya mikoani, na kipimo tumekifanya kwenye vipande vilivyonyooka mbele ya mizani ya Vigwaza, nje ya vijiji, malori ya kwenda Zambia na Kongo yakiwa bado yamepaki.

Mdogo wangu kakaa kiti cha abiria na daftari. Simu nimeibana kwa selotepu pana juu ya dashibodi, haichezi hata ukiisukuma. Mwendo tumeusoma kwenye simu ya pili kwa setilaiti, maana mshale wa gari unasoma 105 wakati mwendo halisi ni 100.

Matokeo yalikuja haraka kuliko nilivyotarajia. Kwenye 100, mnara mmoja kwenye mchoro, pale kwenye 14. Kwenye 28 kuna kilima kidogo. Kwenye 42 hakuna cha maana.

Frii: nimepandisha hadi 105, nikahakikisha nyuma hakuna mtu, nikaweka frii sekunde chache gari likijiserereka. Injini ikiwa inawaka, sisitiza hapo. Ukizima injini usukani unakuwa mzito, breki zinapoteza msaada, na kwenye magari mengine ukizungusha ufunguo kupita kiasi usukani unaweza kujifunga. Mzunguko wa injini ukashuka chini kabisa, mtetemo ukabaki palepale kwenye 14. Injini imetoka kwenye orodha ya washukiwa. Sivijointi nayo: iliyochakaa hutetemesha ukikanyaga mafuta, hasa mlimani, na hutulia ukiachia. Hii haikujali mafuta. Laki mbili na nusu zimebaki mfukoni.

Jambo lenyewe la siku lilikuwa jingine. Nilishikilia 100 kwenye kipande kilichonyooka, na mnara ule wa 14 ukawa unapanda na kushuka kwa utulivu kabisa. Juu, chini, juu, kila baada ya sekunde 25 hivi. Si barabara, maana lami ilikuwa ileile. Halafu mdogo wangu, ambaye hajui kitu kuhusu magari na pengine ndiyo sababu, akasema:

"Dada, usukani ukitulia, kioo cha kati kinatetemeka."

Nikaangalia. Kweli. Usukani ukicheza, kioo kinaonyesha gari la nyuma vizuri. Usukani ukitulia, gari la nyuma kwenye kioo linakuwa ukungu. Mtetemo hauondoki. Unahama.

Jumamosi mchana, bado juu ya hilo

Nimelichora kwenye karatasi, na sasa naamini najua linavyokwenda.

Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Michi ikishuka pamoja, ardhi nzima inatikisika. Ikipishana, ardhi inatulia lakini kinu kinayumba huku na huku. Magurudumu yangu mawili ya mbele kila moja lina kasoro yake. Kasoro hizo zikiwa juu kwa wakati mmoja, gari linanyanyuliwa pande zote mbili kwa pamoja, bodi inatetemeka na kioo nacho, lakini kwenye usukani misukumo ya kushoto na kulia inafutana. Moja ikiwa juu na jingine chini, bodi inapata nafuu, ila gurudumu moja linasukuma mbele wakati jingine linavuta nyuma, na tofauti hiyo yote inaishia kwenye mikono ya dereva.

Kwa nini yabadilishane? Kwa sababu matairi hayako sawa. Sekunde 25 kwenye mwendo ule ni mizunguko 350 hivi. Kama kila baada ya mizunguko 350 gurudumu moja limelitangulia jingine kwa mzunguko mmoja kamili, basi mzingo wao umetofautiana kwa sehemu moja ya 350, ambayo kwenye kipenyo haifiki hata milimita 2. Tairi la 2018 lililolika upande mmoja, jipya la kampuni nyingine upande wa pili: milimita 2 ni kitu kidogo sana hapo.

Na kona? Ukikata kona, gurudumu la nje linakwenda mbali zaidi ya la ndani. Umbali kati ya magurudumu ya mbele ni karibu mita 1.5. Kwa kona ya nyuzi 40 tu, la nje linakuwa limesafiri mita moja zaidi, yaani nusu mzunguko. Kona moja ya kawaida ya barabarani inatosha kuyageuza kutoka kutwanga pamoja hadi kutwanga kwa kupishana. Ndiyo maana watu wanasema "ilikuwa inatetemeka, nikapita kona ikaacha", na fundi anamtazama mteja kwa huruma.

Hii inabadilisha kazi yote. Natafuta kasoro mbili, moja kila upande. Kama lingekuwa gurudumu moja tu lenye kasoro, mtetemo ungekuwepo muda wote ule mwendo unaposhikiliwa, usingekuja na kuondoka namna hii. Na pengine ndiyo maana kila aliyerekebisha kitu kimoja akakijaribu kilomita chache alipata jibu la bahati.

Jumanne jioni

Kijana wa pancha hapa Kimara kahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Hakuna kingine kilichoguswa.

Jumatano alfajiri

Nimekwenda hadi Mlandizi na kurudi. Usukani kimya. Kiti kinatetemeka, kidogo, kinakuja na kuondoka vilevile. Kasoro imehama pamoja na magurudumu. Habu (kitovu ambacho gurudumu linafungwa juu yake), beringi, diski, bushi, tairodi na maunti za injini hazijahama, kwa hiyo zimefutwa kwenye orodha. Jaribio hili linagharimu bei ya soda na muda wa nusu saa, na ningeshauri lifanywe kabla ya gereji yoyote kutaja bei.

Jumamosi, uani

Siku ndefu. Nyuma ya gari juu ya jeki na stendi, magurudumu ya mbele yamewekewa matofali. Gari linavutwa mbele, kwa hiyo ya nyuma yanazunguka huru kwa kidole.

Kipimo cha umbo: tofali, juu yake bisibisi imebanwa kwa jiwe, ncha yake milimita chache kutoka kwenye meno ya tairi. Zungusha polepole, tazama nafasi kati ya ncha na mpira ikifunguka na kufunga, pima kwa rula ya chuma pale penye nafasi kubwa na pale penye ndogo. Tofauti ya milimita 1 hadi 1.5 inavumilika. Kisha rudia kwa ncha kwenye ukingo wa rimu yenyewe, ili ujue kama kosa ni la mpira au la chuma.

Gurudumu lililokuwa mbele kushoto: mpira unapanda na kushuka milimita 2.5. Rimu yake imenyooka. Hapo nikainama na tochi nikatazama pale tairi linapokutana na rimu. Karibu na ukingo wa tairi kuna mstari mwembamba ulioinuka, unazunguka tairi lote, umewekwa kiwandani makusudi ili uone kama tairi limekaa sawa. Unatakiwa uwe na umbali uleule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima. Kwenye tairi hili, upande mmoja mstari ulikuwa milimita 8 kutoka kwenye chuma. Upande wa pili, 4. Tairi lilivishwa likavu, halijakaa kwenye kiti chake, na limetembea hivyo miezi yote hii.

Mashine ya balansi haikudanganya. Inapima uzito, na uzito ulirekebishwa kwa risasi, vile vipande vya uzito vinavyobandikwa kwenye rimu, mpaka ikasoma sifuri. Haipimi umbo. Tairi la duara mbovu lililobalansiwa vizuri linabaki duara mbovu, na likibebeshwa uzito wa gari linapiga lami kila mzunguko.

Gurudumu lililokuwa mbele kulia: kwa nje zuri kabisa, linang'aa. Kwa ndani, ukingo wa rimu umebonyea sehemu yenye urefu wa kiganja. Shimo la barabarani, bila shaka, lipi kati ya mengi sijui. Ncha ya bisibisi pale inaachana na chuma kwa milimita 2 na zaidi. Ukisimama nje ya gari huwezi kuliona hata kwa miwani.

Na kuna la tatu, ambalo sikulifuata ila limejitokeza lenyewe. Tundu la katikati la rimu hizi ni milimita 73.1. Habu ya Premio ni 54.1. Kuna uwazi wa milimita 9.5 kuzunguka pande zote, ambao unatakiwa uzibwe na pete. Kwenye magurudumu mawili pete za plastiki zipo, zimechoka. Kwenye mawili hazipo kabisa. Bila pete, kinacholiweka gurudumu katikati ni nati peke yake, kwa ile midomo yake ya koni. Inawezekana kabisa kwa nati peke yake, ukifunga gurudumu likiwa hewani, kwa mkono, kwa msalaba. Lakini kwenye kijiwe nati ya kwanza inapigwa na mashine ya upepo mpaka mwisho kabla ya pili kuguswa, na gurudumu linabaki lilipovutiwa. Mashine ya balansi hulishika gurudumu kwa tundu la katikati, si kwa nati. Kwa hiyo inaweza kusoma sifuri dukani na gari likatetemeka barabarani, bila yeyote kukosea kwenye balansi yenyewe.

Jumatatu

Nimeanza na tairi lililokaa vibaya, peke yake. Kijana wa pancha alitaka tufanye yote kwa mpigo, "dada unajitesa", lakini nikibadilisha vitatu kwa pamoja sitajua kilichoponya ni kipi. Katoa upepo wote, kaliachanisha tairi na rimu pande zote mbili, kasafisha kutu na mabaki ya mpira kwenye kiti cha rimu kwa brashi ya waya, kapaka maji ya sabuni mazito, kajaza upepo mpaka ikalia pa! mara mbili. Mstari sasa ni milimita 5 kila mahali, ukiacha sehemu moja yenye 6. Ubishi wa mpira wa zamani. Kapandisha kwenye mashine, risasi nyingi zilizokuwa zimebandikwa hazikuhitajika tena. Hilo lilimfanya yeye mwenyewe anyamaze kidogo, kisha akaanza kukagua mistari ya matairi mengine yaliyokuwa pale kijiweni.

Jumanne alfajiri

Magurudumu yamerudi mbele kama zamani ili kipimo kilingane na cha kwanza. Kwenye 100 mnara wa 14 umeshuka zaidi ya nusu. Na ule mchezo wa kuja na kuondoka karibu umekufa: sasa kuna mtetemo mdogo usiokoma, kwenye usukani na kwenye kioo kwa pamoja. Ndivyo inavyotakiwa kuwa kama kasoro iliyobaki ni ya gurudumu moja. Dereva asiyejua angesema gari limeharibika zaidi, maana sasa halipumziki. Mimi nilifurahi mpaka mdogo wangu akaniuliza kama niko sawa.

Wiki ya rimu

Fundi anayenyoosha rimu za alumini kwa moto aliniita, bei yake nzuri. Nimekataa. Alumini ya rimu ikipashwa moto bila kipimo inapoteza ugumu wake, na ufa unaweza kutokea pale pale iliponyooshwa. Kwa rimu ya gari la kuranda mtaani labda. Kwa gari la Morogoro hapana.

Nimezunguka kwenye maduka ya spea za mtumba Ilala na picha ya rimu kwenye simu. Wengi wanauza seti tu. Mzee mmoja alikuwa nayo moja, imefunikwa vumbi nyuma ya milango ya Noah.

"Laki na nusu, binti yangu. Hii huipati tena."

"Mzee wangu, moja moja hainunuliki na mtu mwingine ila mimi. Elfu sitini."

"Utaniua na njaa."

Tumekutana kwenye elfu themanini, ila baada ya kuizungusha pale pale juu ya meza kwa kidole, na mzee kunishikia rula. Imenyooka.

Pete nimechongesha Gerezani, kwa fundi wa mashine ya kuchonga chuma. Nilimpelekea rimu, na vipimo vya habu nikiwa nimeviandika. Hakuviamini vya kwangu. Alitoka na venia yake, kile kipimo cha kubana cha kupimia vipenyo, mpaka kwenye gari, akafungua gurudumu mwenyewe, akapima habu sehemu tatu tofauti, akafuta kutu kwa msasa, akapima tena. Kisha kachonga pete nne za alumini, ya kwanza ikiwa imebana kidogo hata haikuingia, akaipunguza kiasi cha unene wa uzi mpaka ikaingia kwa kusukuma na kidole gumba, bila nyundo. Nilipewa na onyo: paka grisi kidogo sana kwenye habu kabla ya kuivalisha, alumini na chuma vikikaa pamoja na chumvi ya hewa ya Dar vinashikana, utakuja kung'oa gurudumu kwa matusi.

Jumamosi

Rimu mpya imefungwa, tairi limevishwa kwa sabuni na mstari umekaguliwa, pete zote ziko mahali. Magurudumu yote yamebalansiwa upya. Nati nimefunga mwenyewe: gurudumu hewani, kwa mkono, kwa kuruka moja na kurudi, kisha chini kwa spana ya kipimo niliyoazima kazini, nyutoni mita 103.

Vigwaza, hali ya hewa shwari. Kwenye 100 mnara wa 14 haujitofautishi na makelele ya lami. Kwenye 108 hivyo hivyo. Kioo cha kati kinaonyesha namba ya gari la nyuma, inasomeka.

Kwenye 28 kile kilima kidogo bado kipo, mkononi hakisikiki, simu ndiyo inayokiona. Kinabadilika nikihamisha tairi la 2018, kwa hiyo nadhani ni umbo la mpira wenyewe, na mpira wa umri huo sitauhangaikia.

Yaliyobaki: kukaza nati tena baada ya kilomita 100 hivi, nimeshafanya, hakuna iliyolegea. Matairi mawili ya mbele kubadilishwa kwa jozi moja, kampuni moja, tarehe zinazokaribiana, mwisho wa mwezi mshahara ukiruhusu. Mawili mazuri zaidi ya yaliyopo yatabaki nyuma, la 2018 linatoka. Upepo ni 32, na kijana wa pancha ameshaelewa kwamba kwangu haendi 40.